Ndege Ile ni ya Nani?

Watu wakisikia kwamba ujanani nilikuwa fundi wa ndege za kivita, na kwamba wakati wa vita vya Kagera nilikuwa Mwanza, swali la kwanza huwa moja: mlitungua ngapi? Wanangu waliniuliza, wajukuu wananiuliza, hata shemeji yangu mmoja ambaye ni mwalimu wa historia aliuliza hivyohivyo. Wanataka niwasimulie marubani wawili wakifukuzana mawinguni, mmoja wetu, mwingine wa Idi Amin wa Uganda, kisha moshi mweusi unaishia ziwani. Nawajibu kwamba hilo mimi sikuliona. Nilichoona ni watu wametazama juu, viganja vimekinga jua, wanaulizana: ile ni ya nani? Swali hilo lilitutesa tangu mwanzo wa vita hadi mwisho, na kuna siku lilijibiwa vibaya kiasi kwamba mpaka leo silisimulii mezani watu wakiwa wanakula.

Wengi wakisimulia vita vile huanza na Amin. Mimi ni fundi, nitaanza na chuma.

Jeshi la Wananchi lilizaliwa Septemba 1964, baada ya Tanganyika Rifles kuasi na kuvunjwa, na kwa miaka kadhaa halikuwa na ndege ya kupigana hata moja. Wajerumani wa Magharibi ndio walioanza kutufundisha urubani, wakafunga virago mwaka 1965 kwa hasira ya Wajerumani wa Mashariki kuruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Wakaja Wakanada, wakakaa hadi 1970. Hao walituletea Otter na Caribou, ndege za kubeba watu na magunia, ngumu kama trekta, zinazotua penye majani na kuruka tena. Kwa nchi yenye barabara kama zetu zilifaa sana. Lakini kusini mwetu, Msumbiji, walikuwapo Wareno, na ndege zao hazikubeba magunia. Mwalimu Nyerere alikuwa amewapokea wapiganaji wa FRELIMO, na alijua kinachoweza kumpata anayempa jirani hifadhi.

Basi ikawa zamu ya Wachina. Miaka ileile waliyokuwa wakitandika reli kutoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi, walikuwa pia wakitujengea uwanja wa ndege za kivita Ngerengere, mkoani Morogoro. Vijana wakapelekwa China, wengine kusomea urubani, wengine kushika spana. Mimi nilitaka urubani. Kipimo cha macho kikanikatalia, nikaangukia upande wa spana, na sijutii; marubani waliokuwa marafiki zangu siwezi kuwahesabu wote leo wakiwa hai.

Kule China baridi ilikuwa ya kukaza vidole visishike skrubu. Tulifundishwa kupitia mkalimani aliyejifunza Kiswahili Beijing, na Kiswahili chake kilikuwa sanifu kuliko cha baadhi yetu tuliotoka bara. Alisema “hairuhusiwi kabisa” mara nyingi mpaka tukambandika jina hilo. Jambo la “hairuhusiwi kabisa” kuliko mengine yote lilikuwa kupoteza kifaa. Ukutani palikuwa na ubao, na kila spana, kila bisibisi, kila koleo ilichorewa kivuli chake kwa rangi. Jioni ubao ukaguliwe. Kivuli kimoja kikibaki kitupu, hakuna ndege inayoruka mpaka kifaa kipatikane. Mwanzoni tuliona ni ukali wa bure. Lakini ndege zile zinavuta hewa kwa mdomo ulio wazi puani, na kitu kidogo cha chuma kikivutwa ndani kinatosha kuua injini, na injini ni moja tu.

Ndege yenyewe ilikuwa MiG-17. Kwa asili ni ya Kirusi. Wachina waliitengeneza kwao kwa kibali, na walipoiuza nje waliiita F-5. Sisi tuliiita MiG, basi. Mabawa yake yamelala kwa nyuma, na juu ya kila bawa kuna kuta tatu nyembamba za kuongoza hewa. Kulikuwa na kubwa yake, F-6, ambayo ni MiG-19 iliyotengenezwa China, yenye injini mbili na mbio zinazoishinda sauti. Nzuri angani, mateso chini: injini zake zilikuwa na saa chache za kufanya kazi kabla ya kuhitaji kufumuliwa upya, na kazi hiyo haikufanyika Ngerengere.

Mimi nilipangiwa silaha za MiG-17, na hapa naomba nikae kidogo, maana ni kitu nilichokishika kwa mikono yangu kwa miaka. Mizinga yake mitatu haikufungwa mmoja mmoja kwenye bodi. Yote imekaa kwenye sinia moja chini ya pua, pamoja na masanduku ya risasi zake. Unafungua vifungio, mnashika mikono ya winchi, mnazungusha pamoja kwa mwendo mmoja ili sinia lisiende upande, na lote linashuka taratibu kwa nyaya mpaka kimo cha kiuno. Hapo unasafisha, unapaka mafuta, unapanga risasi, unapandisha tena. Mzinga mmoja ni wa milimita 37, risasi 40. Miwili ni ya milimita 23, risasi 80 kila mmoja. Ukiupanga ukanda ule kwa mkono unashangaa ulivyo mfupi. Rubani akibana kifyatulio asikiachie, mzinga mkubwa unamaliza risasi zake zote kwa sekunde kama sita. Sekunde sita! Kazi yetu ya nusu saa, na jasho lote lile.

Chini ya mabawa ya F-5 kuna mahali pawili tu pa kuning’iniza kitu. Ukining’iniza matangi ya mafuta ya ziada, huna mabomu. Ukining’iniza mabomu, huna matangi. Kwa nchi kubwa kama Tanzania hesabu hiyo inakufuata kila siku, na nitairudia mbele.

Ng’ambo ya ziwa nao walikuwa na zao. Jeshi la anga la Uganda lililelewa kwanza na Waisraeli, mpaka Amin alipowafukuza mwaka 1972 na kugeukia Libya na Warusi. Warusi walikuwa wamewapa MiG-17, kisha wakaongeza MiG-21, ndege inayokwenda karibu mara mbili ya mwendo wa sauti. Julai 1976 makomandoo wa Israeli walipokwenda Entebbe kuwachukua mateka, waliteketeza kadhaa palepale zilipoegeshwa, kwa hiyo hata sisi tulifahamu kwamba kikosi kile si cha kutisha kama redio ya Kampala ilivyotaka tuamini. Lakini shika hili: MiG-17 ya Amin ilitoka Urusi, yetu ilitoka China, na mchoro ni mmoja. Pua ileile, mkia uleule, mlio uleule. Tofauti ni rangi za bendera zilizopakwa ubavuni, na rangi hizo, ndege ikiwa juu ya mita elfu moja na jua liko nyuma yake, hazionwi na mtu.

Oktoba 1978 ndege za Uganda zilianza kuishambulia Bukoba. Madhara hayakuwa makubwa kama hofu, lakini hofu inatosha kuhamisha mji. Watu walibeba magodoro na watoto wakaingia migombani. Mwisho wa mwezi majeshi ya Amin yakavuka mpaka, yakaikalia ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera, Amin akatangaza kwamba sasa ni ya Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alizungumza na wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee, na hotuba ile kila Mtanzania wa rika langu anaweza kukutolea kipande chake bila kusita, kwa hiyo sitaipunguza utamu kwa kuiandika. Amin yeye alipendekeza wamalize ugomvi kwenye ulingo wa ndondi, Muhammad Ali awe mwamuzi. Tulicheka sana Ngerengere siku tuliyosikia hilo. Haikuchukua muda tukapewa amri ya kuhamia Mwanza.

Kuhamisha ndege za kivita si kuzirusha tu zikatue kwingine. Rubani anafika kwa saa moja na ushee. Nyuma yake lazima zije jeki, pampu za mafuta, mitungi ya hewa ya breki, gari la umeme la kuwashia injini, risasi kwenye masanduku ya mbao, na sisi tumekaa juu ya masanduku hayo ndani ya Caribou, magoti kidevuni. Mwanza ilikuwa karibu na vita, uwanja wake ulifaa, na mafuta yalikuwapo. Bukoba isingefaa, njia yake ilikuwa fupi mno, na siku zile nusu ya anga lake ilikuwa ya adui.

Sasa Musoma.

Ndege zetu tatu zilitunguliwa juu ya Musoma mwanzoni mwa vita, na waliozitungua ni wanajeshi wetu wenyewe. Jambo hili limeandikwa vitabuni, si siri tena, ingawa kwa miaka mingi ulilisema ukiwa umegeuka kutazama nyuma. Sisi tulikuwa Mwanza tukizisubiri. Kusubiri ndege ni kazi: unatayarisha ngazi ya rubani, unaweka kabari za magurudumu mahali utakapozifikia haraka, unakagua gari la mafuta, kisha unasimama na kusikiliza. Muda ukafika, ukapita. Mtu akasema labda wamechelewa kuondoka. Mwingine akasema upepo. Muda ambao mafuta yangekuwa yameisha ukafika nao ukapita, na hapo hakuna aliyesema kitu, kwa sababu sote tulijua kupiga hesabu ya lita. Baadaye afande mmoja alitoka ofisini, akatutazama, akaturudisha bwenini bila maelezo.

Kila ndege ina kitabu chake. Fundi akimaliza kukagua anaandika alichofanya na kutia sahihi. Rubani anasoma, anauliza, naye anatia sahihi. Mmoja wa marubani wale alikuwa na desturi ya kuuliza swali moja tu, “Fundi, iko salama?” nami namjibu, “Iko salama, afande,” halafu anaandika jina lake chini ya langu. Kitabu cha moja ya ndege zile kilikuwa na sahihi yangu ya mwisho. Na ndege ilikuwa salama kweli. Mizinga, breki, kiti cha kurukia, kila kitu.

Ilikuwaje? Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria. Vijana waliokuwa chini walijua kwamba MiG zinazopiga Bukoba ni za Amin, na wengi kati yao hawakuwa wamewahi kuiona ya kwetu. Jeti zetu zilikuwa zimekaa Ngerengere, mbali, nyuma ya uzio, kwa miaka, kwa ajili ya usiri. Raia aliziona kwenye gwaride la sikukuu, zikipita mara moja juu ya uwanja, basi. Askari wa kanda ya ziwa angezijulia wapi? Ndani ya ndege kuna chombo cha kujitambulisha, kinachoitika kikiulizwa na rada ya upande wake. Lakini anayetumia jicho na bega hana rada. Kombora la begani, tulilolipata kwa Warusi, lina akili ya kitu kimoja tu: linafuata joto. Mpigaji analiwasha, analielekeza kwenye bomba la moshi la ndege, anasikia mlio kwamba limeona, anabana. Betri yake haidumu hata dakika moja, kwa hiyo anayefikiria sana hukuta imeisha. Na makombora hayohayo, mikononi mwa vijana wa aina ileile, ndiyo yaliyoangusha MiG za Uganda upande wa Kagera, na kwa hizo tuliwapongeza. Kama taarifa ya safari ingewafikia waliokuwa chini kabla ya ndege, hakuna ambaye angebana. Ndiyo maana sijawahi kuwalaumu waliofyatua. Lawama yangu ni ya simu, na ya tabia yetu ya kuficha jambo hata kwa anayelihitaji.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa na karakana yangu ndogo ya injini za mitumbwi pale Mwaloni, Mwanza, alikuja mteja mmoja mtu mzima na injini iliyoingia maji. Tukapiga soga, tukagundua sote tulipitia jeshini, akaniambia kwamba wakati ule alikuwa Musoma. Nikaacha spana. Hakujua mimi nilikuwa kikosi gani, na sikumwambia upesi. Alizungumza akitazama ile injini. “Tulishangilia, fundi,” akasema. “Tulirukaruka. Kuna aliyepiga magoti akamshukuru Mungu.” Kisha wakaenda kwenye mabaki. Hakuniambia walichokiona, nami sikumuuliza. Nilimtengenezea injini yake na pesa sikuchukua. Alishangaa, akadhani ni ukarimu wa askari kwa askari, na labda ndivyo.

Baada ya Musoma mambo yalibadilika. Kwa upande wetu, pale nilipokuwapo, ndege haikuwashwa mpaka anayeshika simu aseme kwamba wa upande wa pili wamesikia na wamerudia walichosikia. Marubani nao walizoea kuja kutua polepole na kushusha magurudumu mapema sana, mbali na uwanja, maana adui anayekuja kupiga bomu hashushi magurudumu. Kuna aliyeniambia kwamba kupita juu ya mizinga yetu kulimtoa jasho kuliko kupita juu ya ya Amin, kwa kuwa ya Amin angalau unaruhusiwa kuikwepa.

Watu wa Mwanza nao walijifunza. Usiku taa zilizimwa, na mahandaki yalichimbwa kwenye viwanja vya shule na nyuma ya nyumba. Watoto walibishana kwa milio kama wanavyobishana leo kwa timu za mpira. Palikuwa na mama mmoja wa Kirumba, muuza dagaa, ambaye tulimzoea kwa kununua kwake. Siku moja nikamtania, nikamwuliza, “Mama, zikipita unajua zetu ni zipi?” Akanijibu bila kuinua macho kwenye ungo wake: “Mwanangu, ikipita usiulize ya nani. Jifiche kwanza. Utauliza ikishapita.” Kama ningekuwa mkuu wa majeshi ningemweka kwenye chumba cha amri.

Miezi iliyofuata vita ilikuwa ya miguu na magurudumu: Mutukula mwezi Januari, Masaka mwisho wa Februari, Lukaya mwezi Machi, ambako Walibya waliingia upande wa Amin na wakapigwa. Jenerali Musuguri na brigedi zake ndio wanaostahili kusimuliwa kwa kipindi hicho. Jeti zetu hazikuiamua vita ile. Nasema hivi nikijua kuna wenzangu watanuna. Zilitoa kinga, zilitisha, zilipiga hapa na pale. Lakini aliyefika Kampala alifika kwa buti, na nyuma yake zilikuja Caribou zetu za zamani zikiwa zimesheheni.

Mwishoni mwa Machi Gaddafi alimtaka Mwalimu aondoe majeshi yake Uganda kwa saa 24, la sivyo Libya ingeingia vitani. Kwetu uwanjani habari hiyo ilipokewa kwa kicheko cha aina fulani, kwa sababu tayari tulikuwa na Walibya waliotekwa. Tarehe 29 Machi akatuma ndege. Ilikuwa Tupolev, Tu-22, mnyama mrefu mwenye injini mbili zilizobebwa juu mkiani, na shabaha ilikuwa Mwanza, matangi ya mafuta.

Mlio wake ulikuwa mgeni. Hilo ndilo nililolikumbuka kwanza: nilikuwa nimejifunza kila mlio wa anga lile, na huu sikuujua. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza ni ya nani. Ilikuwa si yetu na si ya jirani. Kisha ardhi ikatikisika, mara kadhaa, na sote tukageukia matangi. Matangi yalikuwa yamesimama. Uwanja ulikuwa mzima. Moshi ulikuwa ukitoka ziwani.

Walipiga kisiwa cha Saanane. Wasioijua Mwanza niwaeleze: ni kisiwa kidogo cha mawe karibu kabisa na mji, kilichopewa jina la mzee aliyekuwa akiishi pale, Saanane Chawandi, na tangu 1964 kilikuwa bustani ya wanyama ambako familia zilikwenda kwa boti siku za Jumapili. Siku hizi ni hifadhi ya taifa. Ndege iliyotoka ng’ambo ya Sahara kuja kuchoma mafuta ya Tanzania iliua swala. Mji mzima ulicheka wiki nzima, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Mimi nilicheka pia, ila nilikuwa nimeziona ramani na kujua umbali kati ya Saanane na mji. Kwa mwendo wa ndege ile ni kupepesa jicho. Aliyeachia mabomu aliwahi au alichelewa kidogo sana, na Kirumba, pamoja na yule mama wa dagaa, ikapona.

Jibu letu halikuchelewa. Siku chache baadaye jeti zetu zilivuka kwenda kupiga maghala ya mafuta Kampala, Jinja na Tororo. Hapo ndipo ile hesabu ya bomu au tangi inapokuja. Kutoka Mwanza mpaka Kampala kwa mstari wa moja kwa moja ni karibu kilomita 300, sehemu kubwa ikiwa maji matupu, na Tororo ni mbali zaidi. Ndege ya kivita ikiruka chini inakunywa mafuta vibaya mno. Rubani anayeondoka na mabomu anaondoka akijua kwamba hana muda wa kuzungukazunguka akitafuta shabaha, wala wa kupotea njia wakati wa kurudi. Ziwa halina alama za barabarani. Sisi wa chini tulikagua kila kitu mara mbili, kisha tukakagua tena. Aliyeshika simu alipiga kila mahali palipokuwa na mzinga au kombora la kwetu, akasubiri jibu, akaandika jina la aliyejibu. Zilipoanza kurudi, magurudumu yalikuwa yameshashushwa zikiwa bado nukta juu ya maji. Nilimpandia rubani mmoja ngazi kumfungulia mikanda, nikakuta suruali yake ya kuendeshea ndege imelowa jasho hadi magotini. Alikuwa na la kusema moja tu: “Nipe maji.”

Entebbe ilianguka tarehe 7 Aprili, chini ya brigedi ya Mwita Marwa, na Kampala siku tatu nne baadaye. Mafundi wachache tulipelekwa Entebbe kutazama kilichoachwa. Zile MiG tulizoziwazia usiku kwa miezi zilikuwa zimeegeshwa pale, baadhi nzima kwa kutazamwa, baadhi mikweche, matairi yamekaa chini. Askari wa miguu walikuwa wamezizoea tayari. Mmoja alianika shati lake bawani.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye MiG-17. Nilipita chini ya pua, nikaangalia vile vifungio, na mkono wangu ukaenda wenyewe mahali pake. Maandishi yalikuwa ya Kirusi mahali ambapo mimi nimezoea ya Kichina, lakini sikuyahitaji. Yote mawili siyasomi vizuri. Mimi na mwenzangu tukashika mikono ya winchi tukaanza kuzungusha. Sinia likashuka bila kukwaruza, kimo cha kiuno. Fundi aliyeitunza mara ya mwisho alikuwa mtu makini: mafuta yamepakwa sawasawa, ukanda wa risasi umepangwa vizuri kuliko vijana wangu wawili walivyokuwa wakipanga. Nilimtafuta kwa macho yule mtu, kama mjinga, kana kwamba angekuwa amesimama kando akisubiri nimpe alama. Alikuwa amekimbilia kaskazini na wenzake, au ameuawa, au alikuwa mjini humohumo amevua sare. Nilipandisha sinia juu, nikafunga.

Baadhi ya MiG zilizotekwa zilihamishwa zikaletwa Tanzania. Wakubwa walikuwa na furaha na hesabu zao, za ngapi zinaweza kuruka na ngapi ni za kung’olewa vipuri. Katika kikao kimoja cha mipango, luteni mmoja kijana aliomba kusema. Akauliza kama vituo vyote vya ziwani, Bukoba, Musoma na Mwanza yenyewe, vimeshaarifiwa kwamba kuanzia sasa ndege yenye alama ya Uganda inaweza kuwa ya kwetu. Kikao kilinyamaza, kisha mwenyekiti akaagiza zisisogezwe hata mita moja mpaka zipakwe rangi, na simu zipigwe, na majina ya waliopokea yaandikwe. Nilipewa brashi.

Baada ya hapo historia ya kikosi chetu ni ya fedha kuliko ya anga. Mwalimu aliomba tufunge mkanda miezi 18, na mkanda huo hatukuulegeza kwa miaka. Mafuta ya ndege yanalipwa kwa fedha za kigeni, injini za F-6 zilihitaji kurudi China, na saa za kuruka zikapungua mpaka marubani wakawa wanasahau na kukumbushwa upya. Nilikaa jeshini nikifundisha vijana ubao wa vifaa na vivuli vyake, nikastaafu, nikarudi Mwanza kwa sababu nilikuwa nimeoa huko. Mwanangu wa pili ndiye mwenye karakana sasa. Nimemchorea ubao ukutani, na jioni nikipita pale naukagua. Kivuli cha spana namba 14 mara nyingi ni kitupu, na mitumbwi inakwenda ziwani hivyohivyo.